Kapime damu, mwanangu

Kibosho, Moshi

Mwanangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Dada yako kaniambia na lingine ambalo hukumtuma: kwamba unatafuna udongo, na ngazi za hosteli unazipanda kwa vituo. Eti uchovu wa mitihani. Mtihani gani huo unaomtamanisha mtu udongo? Mimi nahofia umepungukiwa damu.

Simama dirishani, si chini ya taa. Vuta kope la chini utazame kwenye kioo. Ndani panatakiwa pawe pekundu. Kisha nyoosha kiganja, mwenzako aweke chake pembeni. Sisi weusi uso unaficha, ndiyo maana manesi hutazama kope, ulimi, fizi na viganja. Tazama na kucha: zikibonyea katikati kama kijiko, tatizo ni la siku nyingi. Moyo je, unakwenda mbio umekaa tu? Kizunguzungu ukiinuka?

Hata usipoona kitu, kapime wingi wa damu. Mwanamke asiye na mimba, ikisoma chini ya 12, amepungukiwa. Na hedhi yako inayotoka mabonge, iseme. Nyumbani kwetu hayo hayasemwi mezani, sawa, lakini daktari si baba yako. Wakaangalie na minyoo, maana huo udongo unautoa wapi?

Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, usimeze na chai. Nakujua wewe na chai! Meza kwa maji, ule na chungwa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Na usiache ukishapata nguvu; ni dawa ya miezi. Rozela kunywa ukipenda, ila haipimi damu.

Baba yako anasema ungekuwa hapa angekuchinjia mbuzi unywe kisusio, ile supu yetu ya damu. Huyo anajivuna nawe kila Jumapili nje ya kanisa, mhandisi wangu, mhandisi wangu, na mhandisi mwenyewe anakula udongo. Umenifedhehesha kidogo, nikwambie ukweli.

Paa la jiko linavuja upande wa kuni, fundi kala hela ya mabati katoweka. Ng'ombe kazaa jike. Jumamosi natuma ndizi mshare na maharage kwa basi la Dodoma. Ukishapima nitajie namba, usiniambie "niko poa mama". Na huo mzigo stendi usiubebe wewe, mlipe kijana wa bodaboda.

Mama yako