Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanajumuiya

Assalaamu alaykum. Mama zetu, baba zetu na ndugu wanajumuiya,

Shughuli za kawaida mnazijua. Tumeshirikiana kwenye maziko 11, tumetazama wagonjwa 7 na kuzibua mtaro wa njia ya skuli. Mapato yalikuwa 1,878,000 na matumizi 1,272,000. Ukijumlisha na salio la awali la 312,000, mfukoni kuna 918,000. Daftari analo mshika fedha, na kila mwanachama ana haki ya kulifungua.

Sasa niingie kwenye lililoleta maneno. Kamati iliidhinisha 486,000 kuwasaidia wazee 27 wa shehia yetu kukamilisha karatasi za Pensheni Jamii, fedha za kila mwezi ambazo Serikali ya Zanzibar huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi, na wengi wao si wanachama. Imesemwa barazani kuwa mwenyekiti kagawa fedha za watu. Kifungu cha 14 cha katiba yetu kinairuhusu kamati kutumia hadi 500,000 pale mkutano mkuu unapokosa akidi mara mbili. Tuliita mara mbili: wakaja 28, kisha 33, na akidi ni 49. Pendekezo nililileta mimi, na hata leo ningelileta.

Kila mzee alitengewa 18,000: nauli ya gari yake na ya msindikizaji, kwenda na kurudi mara mbili, picha, fotokopi, na hati ya kiapo kwa anayeihitaji. Mara mbili ni kwa sababu safari ya kwanza mara nyingi huishia kwenye kasoro. Jina la babu limeandikwa Hamad kwenye cheti na Mohammed kwenye kitambulisho. Mtu wa 1952 kaandikwa 1962, na kwa kompyuta huyo bado kijana. Kwa mama zetu wanaolima mwani na kuponda kokoto, vidole vimelika hata alama haisomeki. Hapo inabidi kunawa kwa sabuni, kupaka mafuta ya nazi kidogo, kufuta mpaka pakauke, kisha kujaribu kidole kimoja kimoja, na foleni nyuma inanung'unika. Mzee aliyekwenda peke yake hurudi nyumbani hapo hapo na hendi tena. Ndiyo maana tulilipia msindikizaji, gharama iliyolaumiwa kuliko zote.

Matokeo: 19 wanapokea, 5 wanasubiri, 3 wamekataliwa kwa umri wa kwenye karatasi na tunawashughulikia. Wazee 19 kwa 50,000 ni 950,000 kila mwezi zinazoingia kwenye shehia hii. Tulichotoa mara moja kinarudi karibu mara mbili kwa mwezi mmoja, na kinanunuliwa unga na mchele kwenye maduka yetu wenyewe.

Wapo wanaouliza kwa nini mzee mwenye duka apokee sawa na asiye na kitu. Swali ni la haki. Pensheni Jamii ilipoanza Aprili 2016, kwa 20,000, ilikusudiwa kila aliyetimiza miaka 70. Inataka umri, ukaazi wa Zanzibar na kitambulisho, haitaki ushahidi wa umasikini. Wanaotaka mchujo wautazame Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mkutano wa shehia unataja kaya, linapita dodoso la paa, sakafu, choo na idadi ya watu, kompyuta inapima, orodha inarudi kwa wananchi. Hata kwa uangalifu wote huo, mama aliyeezekewa bati na mwanawe aliyeko Unguja anaonekana anajiweza, na kaya iliyokuwa dago, kambi ya wavuvi, siku ya dodoso haikuhesabiwa. Kila chujio hukamata wasiostahiki na huangusha wanaostahiki, na sisi hatuna namna ya kuchuja vizuri zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo kamati ilikataa ombi la baadhi yenu la kumpelekea sheha, kiongozi wa shehia, majina ya kaya "za kuondolewa" kwenye orodha hiyo. Mwenye malalamiko aende kwenye mkutano wa uhakiki akayaseme mbele ya watu.

Na hoja ya kuwa pensheni hii inawafanya watu wavivu siielewi. Elfu hamsini hazifiki 1,700 kwa siku. Mtu wa miaka 70 aliyeinama pwani na shambani umri wake wote tumdai jembe gani tena?

Ninalosikitikia ni ada. Ada ni 2,000 kwa mwezi. Kati ya wanachama 146, waliokamilisha ni 61, waliolipa nusunusu 53, na 32 hawajatoa hata senti. Tunadai 1,626,000. Baadhi ya hao 32 ndio walioongea zaidi juu ya zile 486,000, na mchango wao humo ni sifuri. Msiba ukiwafika, jumuiya inakwenda na 50,000 zake. Naomba hili litazamwe kwa moyo safi.

Kwa mwaka ujao, inshaallah, tunatarajia kuwafikia wazee waliobaki, kuanzisha mradi mdogo wa kuku, na kutafuta wafadhili kadiri hali itakavyoruhusu.

Kina mama walieleza kuwa mikutano yote miwili iliangukia bamvua, maji yanapokupwa sana, nao walikuwa kwenye mwani. Hilo ni kosa la kamati. Mkutano ujao tumeuweka siku za maji mafu, yasipokupwa sana, Jumapili baada ya sala ya alasiri, uwanja wa skuli. Mshika fedha atakuwepo na kitabu cha stakabadhi kuanzia saa tisa.

Mwenyekiti