Kwa nini ankara yetu ina seva tatu

Kila tukituma makadirio ya kufunga databesi isiyozimika, mteja huuliza: "Seva mbili si zinatosha? Hii ya tatu mnanibambikia." Hapana. Ukitafuta cha kupunguza kwenye ankara yetu, hiyo iache.

Seva mbili, moja kiongozi anayepokea data mpya na nyingine ya akiba, zikikatikiwa mtandao kati yao, kila moja huona mwenzake kimya, na haina njia ya kujua kama amekufa au ni waya tu. Ukairuhusu ya akiba ijipandishe cheo, unapata viongozi wawili wanaopokea oda kwa pamoja, na namba moja ya risiti inatolewa kwa wateja wawili. Kuoanisha data hiyo ni kazi ya mkono, mstari kwa mstari, huku duka limefungwa.

Zikiwa tatu kuna akidi, yaani wingi wa kura unaohitajika kuwa kiongozi: kura mbili. Aliyebaki peke yake hukosa akidi na kujivua uongozi. Ya nne haisaidii, maana akidi hupanda hadi kura tatu na bado unastahimili kupoteza moja tu.

Kwenye databesi ya PostgreSQL tunatumia Patroni, programu inayosimamia nani awe kiongozi, kura zikitunzwa na etcd, hifadhi ndogo inayokaa kwenye seva zote tatu. Seva ya tatu inaweza kuwa ndogo, ya etcd peke yake, mradi iwe na SSD (diski ya kasi) na isichangie umeme na wenzake. Mashine pepe tatu ndani ya kompyuta moja ni seva moja. Na msituombe tushushe zile sekunde 30 ambazo Patroni humsubiri kiongozi aliyenyamaza kabla ya kuchagua mwingine: mtandao ukiyumba kidogo, kiongozi mzima atavuliwa cheo bure.

Akidi, hata hivyo, haiokoi data ambayo haijafika kwenye replika, yaani seva ya akiba yenye nakala. Tarehe 21 Oktoba 2018 vituo vya data vya GitHub, mtandao wa kuhifadhi msimbo wa programu, vilipoteza mawasiliano kwa sekunde 43. Uongozi ukahamia pwani ya magharibi ya Marekani, mashariki kukiwa na data iliyoandikwa ambayo haikuwa imevuka. Huduma ilidorora kwa saa 24 na dakika 11. Ndiyo maana kwa databesi za fedha tunawasha synchronous_mode (malipo hayathibitishwi mpaka replika iyapokee), replika ikiwa karibu ili malipo yasisubiri sana.

Kabla ya kukabidhi tunamzima kiongozi makusudi, programu yako ikiwa kazini. Hapo ndipo hugundulika kuwa IP (anwani ya mtandao) ya seva ya zamani imeandikwa ndani ya msimbo: databesi imehama salama, programu bado inabisha kwa maiti. Kwa hiyo tunaweka HAProxy, programu inayoelekeza maombi kwa seva sahihi, mbele, iulize Patroni kwenye poti 8008 nani kiongozi. Nazo HAProxy ziwe mbili.