Profesa, zile wiki sita ziko wapi?

Kwako Mkuu wa Shule yetu ya Tiba,

Shikamoo Profesa. Nimeshakuandikia mara mbili kupitia kwa mwakilishi wa darasa kuhusu zile wiki sita za mafunzo ya magonjwa ya akili, na mara zote jibu lilikuwa "imepokelewa". Hii ya tatu naiweka hadharani. Unisamehe, sina namna nyingine.

Jumatano usiku, chumba cha dharura, aliletwa mama mmoja wa makamo kajikunja, kashika tumbo. Ndugu yake alifanya kosa moja tu: alitoa kadi ya kliniki ya akili. Daktari wa zamu aliisoma kadi, tumbo hakuligusa. "Huyu si wetu, huyu wa Mirembe," yaani wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Sisi wanafunzi wanne tukacheka. Na mimi nilicheka, Profesa. Mama akachomwa haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, akanyamaza. Asubuhi tumbo lilikuwa gumu kama ubao, kidole tumbo kimeshapasuka. Amepasuliwa, yu hai. Tumshukuru Mungu, maana elimu yetu haikuchangia kitu.

Nani alitufundisha kucheka? Kwenye mtaala hakuna. Tunafundishwa koridoni. Ukichelewa raundi unaulizwa kama dishi limeyumba. Bingwa mmoja alituuliza kila mtu anataka kubobea wapi, niliposema magonjwa ya akili, akatikisa kichwa: "Na ulivyo na akili hivyo!" Alidhani ananisifu. Mama yangu mzazi naye ananiuliza kama nimesoma miaka yote hii nikawe daktari wa vichaa, lakini yeye hajasoma udaktari. Ninyi mmesoma.

Labda walimu ni wachache. Labda fani isiyo na mashine za kukatia utepe haina mvuto kwa wageni rasmi, sijui. Ninachojua ni kwamba rotesheni, yaani zamu yetu ya mafunzo kwenye wodi ya akili, ilikuwa wiki sita, ikakatwa ikawa tatu, na wanafunzi wanaziita wiki za kula bata. Tatu zenyewe tunazimalizia nyuma ya nondo, tukiangalia waliozidiwa. Waliopata nafuu, wenye maduka yao na watoto wao, wanakuja kliniki ya Alhamisi, siku ambayo sisi tumeitwa kushika vifaa upasuaji. Mwanafunzi akionyeshwa kisukari kwa waliokatwa miguu tu, si ataapa kwamba kisukari hakitibiki? Mirembe inatibu watu pale Dodoma tangu 1927, na madaktari watarajiwa tunalijua jina hilo kama tusi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na tatizo la afya ya akili. Darasani tuko 160. Gawanya mwenyewe.

Mmoja wao ni mimi. Tangu mwaka wa tatu nameza fluoksetini, dawa ya sonona. Napanda daladala mbili kwenda kuinunua nisikojulikana, nikifika hosteli nabandua karatasi ya kopo na kuandika "vitamini" kwa kalamu. Mwenzangu wa chumbani aliniomba vitamini wakati wa mitihani nikamwambia zimeisha, kopo likichakacha mfukoni. Hospitali yetu ina kliniki ya akili hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu. Siendi. Nitakaa vipi kwenye benchi lile, wenzangu wakipita na makoti meupe, wakati Jumatano nilicheka nao?

Profesa, kwenye kikao cha Oktoba ulisimama ukasema wiki sita zitarudi Januari. Tulipiga makofi. Januari ikapita, tukaletewa marumaru mpya kwenye ukumbi wa mikutano. Zinateleza vizuri, hongera.

Nilitaka kuomba mengi: walimu, semina, adhabu kwa wenye midomo. Nayaacha. Naomba Alhamisi. Hata kama wiki sita zimeshindikana, turuhusuni Alhamisi tukae kliniki, tuwaone watu waliopona wakichukua dawa zao na kuwahi kazini. Siku moja tu kwa wiki, Profesa. Kesho kutwa ni Alhamisi.

Mwanafunzi wako, mwaka wa tano