Mwalimu wa piano hapimwi kwa ibada ya Jumapili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na wazazi, na watu wazima pia, wanaotafuta mwalimu wa piano wa kufundisha nyumbani hapa Dar es Salaam. Wengi humpata kwa njia moja: wamemsikia kijana akipiga kinanda kanisani au kwenye harusi, wamempenda, wameomba namba, na wiki inayofuata somo limeanza. Miezi sita baadaye mtoto ana nyimbo tatu alizokariri, hawezi kusoma mstari mmoja wa nota, na mkono wake wa kushoto haujui kazi yake. Kijana yule hakumdanganya mtu. Kupiga anajua kweli. Kufundisha ni ufundi mwingine, na hakuna aliyemuuliza kama anao.

Mwanzieni kwenye transpozi. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kupandisha au kushusha sauti zote kwa pamoja huku vidole vikibaki palepale. Wapigaji wengi wa kwaya hushika vidole vya kii moja (sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake), mara nyingi C, halafu kitufe ndicho kinachowafuata waimbaji. Kwa ibada hilo linatosha na silibezi. Kwa mwanafunzi ni hasara, kwa sababu piano ya mbao haina kitufe hicho, na skeli (sauti za kii zikipigwa kwa kupanda ngazi) za kii mbalimbali ndizo zinazouzoesha mkono mpangilio wa vibonyezo vyeusi na vyeupe. Basi mwombe azime transpozi, apige wimbo anaoupenda katika F, kisha aurudie katika E-flati. Halafu apande skeli ya F kwa mkono wa kulia, nawe uhesabu vidole, gumba likiwa namba 1. Sahihi ni 1-2-3-4, gumba linapita chini ya vidole kushika C, kisha 1-2-3-4 tena. Akitumia mpangilio wa C, yaani 1-2-3 halafu gumba, gumba litaangukia B-flati, kibonyezo cheusi, na mkono utajipinda. Mzazi asiyejua muziki kabisa anaweza kuliona hilo kwa macho.

Kisha solfa, yaani do, re, mi. Kwaya zetu zimelea masikio ya watu wengi kwa solfa, na mtoto aliyekulia nyumba ya wanakwaya huja na mtaji ambao mwalimu mwenye akili hauachi upotee: humwimbisha d, r, m kabla hajabonyeza chochote. Lakini solfa hueleza sauti iko umbali gani kutoka Do, haielezi ni kibonyezo kipi. Do ya wimbo huu ni C, ya ule ni G. Piano nayo inadai macho yasome mistari ya mkono wa kulia na ya kushoto kwa wakati mmoja, pengine sauti nne zikilia pamoja. Mwalimu akiandika herufi za solfa chini ya kila nota ya kitabu, mtoto atasoma herufi na nota hataziangalia kamwe. Vivyo hivyo stika za C, D, E zinazobandikwa juu ya vibonyezo. Wiki mbili za mwanzo si kosa, lakini mwezi wa tatu zikiwa bado zipo, kuna kitu hakijafundishwa. Mtoto anatakiwa aione C mwenyewe, kushoto kabisa mwa kila kundi la vibonyezo viwili vyeusi, na F kushoto mwa kila kundi la vitatu.

Omba somo moja la majaribio, ulilipie, na ukae humo chumbani. Dakika 30 zinamtosha mtoto wa miaka sita hadi minane, 45 kwa aliyemzidi, na saa nzima ni ya mtu mzima au anayejiandaa na mtihani. Chini ya miaka sita wengi hawajawa tayari kwa somo la piano la mtu mmoja; wanafaidi zaidi kuimba na kupiga makofi kwa mapigo pamoja na wenzao. Mtoto aliye tayari anajua kulia na kushoto, anahesabu hadi kumi bila kusaidiwa, na anaweza kukaa na jambo moja kwa robo saa.

Katika somo hilo tazama kwanza kama mwalimu anajali mtoto anavyokaa. Hapa ndipo nyumba nyingi za Dar zinapokosea bila kujua. Juu ya vibonyezo vyeupe vya piano halisi pana kama sentimita 72 kutoka sakafuni. Meza ya chakula peke yake inakaribia 75, na ukiweka kinanda juu yake unavuka 80. Mtoto anapandisha mabega, viwiko vinaning'inia chini ya viganja, na baada ya dakika kumi analalamika mikono inauma. Nyumbani wanamwita mvivu. Dawa ni stendi inayoshuka, kiti kinachofanya mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja ulale sambamba na sakafu, na kigoda chini ya miguu isiyofika chini. Mwalimu asiyegusa habari hiyo siku ya kwanza hataigusa mwezi wa tano.

Kingine cha kutazama: nani anapiga zaidi? Mwalimu akitumia nusu ya somo kuonyesha uhodari wake, au akimwekea mtoto video kwenye simu aigize, hiyo ni burudani. Somo zuri la mwanzo lina namba za vidole, makofi ya mapigo, kipande kifupi cha muziki cha mkono mmoja, na mwisho daftari lililoandikwa nini kifanyiwe mazoezi, mara ngapi, kwa mkono upi. Bila daftari, wiki nzima ya mazoezi hupotea, kwani ikifika Jumanne mtoto hakumbuki aliambiwa nini Jumamosi. Dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, humfikisha mbali kuliko saa mbili za Ijumaa usiku za kujiokoa na aibu.

Wazazi wengi huuliza mapema mno kuhusu gredi, yaani ngazi za mitihani ya muziki. Mitihani ya ABRSM ya London, taasisi iliyoanzishwa 1889, ina gredi 1 hadi 8, na Trinity College London nao wana yao. Katika mtihani wa vitendo wa ABRSM mwanafunzi hupiga vipande vitatu, skeli, usomaji wa ghafla (kupiga nota ambazo hajawahi kuziona) na jaribio la sikio. Alama ni 150 na kufaulu ni kuanzia 100. Tangu 2020 kuna pia mtihani unaorekodiwa kwa video, wenye vipande vinne bila skeli wala jaribio la sikio. Unasaidia, ila mwalimu anayemkimbiza kila mwanafunzi huko kwa sababu hapendi kufundisha skeli anamnyima mtoto kitu. Na atakayetaka gredi 6 ya ABRSM kwenda juu lazima kwanza apate gredi 5 ya nadharia au mtihani unaokubalika badala yake, jambo ambalo familia nyingi hulijua wakati wa kujiandikisha umeshafika. Gredi ya kwanza mara nyingi huhitaji mwaka mmoja hadi miwili ya kazi ya kweli. Anayeahidi gredi tatu ndani ya mwaka kwa mtoto anayeanza anafundisha vipande vitatu vya kukariri, basi. Mwombe mwalimu cheti chake mwenyewe. Mwenye gredi 5 imara anaweza kumwanzisha mtoto vizuri. Hawezi kumfikisha gredi 5.

Sasa foleni, inayoua masomo mengi kuliko uvivu. Mwalimu wa Kigamboni anayefundisha Mbezi Beach saa 11 jioni atachelewa wiki ya pili, atapiga simu wiki ya tatu, na wiki ya sita atakuwa hayupo. Mtafute aliye upande wako wa jiji au kwenye njia unayoweza kuihesabia muda, kwa mfano wewe Ubungo na yeye Kimara, wote kwenye mwendokasi. Asubuhi ya Jumamosi ndiyo saa inayodumu. Kama anapiga kanisani, usimpe Jumapili, na mkubaliane mapema kuhusu wiki ya Pasaka na majuma ya kabla ya Krismasi, ambapo mazoezi ya kwaya yatamchukua.

Malipo yawe ya mwezi, yatangulie, kwa masomo manne, yatumwe kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Kulipa kila somo kunaonekana nafuu kwa mzazi lakini kunavunja pande zote mbili: familia inaahirisha kwa sababu ya kipaimara cha binamu, mwalimu anakosa nauli na kodi, anachukua mwanafunzi mwingine kwenye saa hiyohiyo. Andikeni ukurasa mmoja: somo likifutwa na familia chini ya saa 24 kabla linalipwa, likifutwa na mwalimu linafidiwa, mwezi wenye Jumamosi tano unahesabiwaje, nani ananunua vitabu.

Nakala ya kitambulisho cha NIDA na namba za wazazi wawili aliowafundishia watoto kwa zaidi ya mwaka mmoja ni haki yako kuziomba. Mlango wa chumba cha somo ubaki wazi, na mtu mzima wa nyumba awepo, si dada wa kazi aliyetumwa sokoni. Mwalimu makini hakasiriki kwa hilo; linamlinda yeye pia.

Chombo nacho humpima mwalimu. Akikwambia kinanda chochote kinafaa, au akawa na chake cha kukuuzia kabla ya somo la kwanza, rudi nyuma. Kwa mwaka wa kwanza kinanda cha vibonyezo 61 kinatosha, mradi kisikie nguvu ya kidole: ukigusa taratibu kitoe sauti ndogo, ukibonyeza kwa nguvu kitoe kubwa. Vingi vya bei ya chini Kariakoo havina hilo, na mkono uliozoea sauti moja haujengi nguvu ya vidole. Baadaye tafuta piano ya umeme yenye vibonyezo 88 vizito. Ukinunua cha mtumba, usikichomeke kwa adapta ya kuokoteza. Vipo vya volti 9 na vya 12, na upande wa chanya haufanani kwa kila kampuni. Soma mchoro ulio karibu na tundu. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika ndio hukiunguza, kwa hiyo kitoe ukutani unapokatika.

Piano ya mbao iliyoachwa na mgeni anayehama huvutia kwa bei, lakini pwani yetu inaitesa. Ina nyuzi zaidi ya 200 zinazovuta kwa uzito wa tani nyingi, na ubao wa sauti hunyonya unyevu wa masika ukavimba. Sauti hupanda, vibonyezo hunata, nyuzi hupata kutu, nondo na panya hula vitambaa vya ndani. Kabla ya kulipa, fundi wa kutuni (kuweka sawa sauti za nyuzi) aipime kila pini inayokaza uzi. Pini zilizolegea hazishiki tena, na kuzibadilisha kunaweza kuzidi bei ya piano yenyewe. Ukishanunua, usiiweke karibu na dirisha la bahari wala mbele ya kiyoyozi kinachowashwa na kuzimwa, na ituniwe mara mbili kwa mwaka, mvua zikishatulia.

Kwa watu wazima nina neno fupi. Mnaelewa haraka kuliko watoto, lakini vidole vyenu vinachelewa kuliko akili, na hapo ndipo wengi huacha. Mwambie mwalimu lengo lako siku ya kwanza: kusindikiza kwaya, kupiga kwa raha yako, au taarabu. Anayetaka taarabu ajue kuwa baadhi ya maqamu (mipangilio ya sauti) za Kiarabu zina robo toni, sauti zilizo katikati ya vibonyezo viwili, ambazo piano haina. Anahitaji kinanda kinachoweza kubadilisha sauti ya kibonyezo kimoja kimoja, na mwalimu aliyetoka kwenye muziki huo, kama wanaofunzwa Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar tangu 2002. Kwa wengine, anzeni kuuliza idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, au waliosomea muziki Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha, na sasa wanaishi hapa.

Baada ya miezi mitatu mpe mwanafunzi mistari miwili ya wimbo mwepesi ambao hajawahi kuuona, mkono mmoja, taratibu. Akiweza kuupapasa mwenyewe, mwalimu anafanya kazi. Akimtazama mwalimu usoni asubiri aonyeshwe, zungumza naye wazi na umpe mwezi mmoja. Ukilazimika kubadilisha, agana naye kwa heshima, mlipe siku zake zote, na umwombe aandike kwenye lile daftari skeli na vipande vilivyokwisha, ili anayemfuata asianze upya kutoka C.

Mwalimu wa piano,
Tabata, Dar es Salaam