Nozeli za Mafuta Zisizolingana na Cheti Chake

Karakana ya Matengenezo ya Ndege,
Uwanja wa Ndege wa Wilson,
Nairobi.

Kwa Meneja wa Mauzo ya Vipuri,

YAH: SETI YA NOZELI 14 ZA INJINI YA PT6A-114A

Tuliwalipa bei ya nozeli (vinyunyizio vya mafuta vya injini) zilizofanyiwa ukarabati kamili, za kufungwa kwenye ndege ya Cessna 208B Caravan. Zilizotufikia hazijakarabatiwa, na hatutazifunga.

Cheti chenyewe kinatoa ushahidi. Kwenye Fomu 8130-3 mliyoambatisha, yaani cheti cha kuidhinisha kipuri cha ndege, kisanduku cha 11 kinasema zimekaguliwa na kupimwa, basi. Kisanduku cha 12, panapopaswa kutajwa kitabu cha matengenezo kilichofuatwa na toleo lake, kiko wazi. Nozeli tatu zina namba ya kipuri tofauti na iliyoandikwa kisanduku cha 8. Fundi atakayetia sahihi kwenye kitabu cha injini hana ruhusa ya kukisia.

Hata hivyo tulizipima mnyunyizo, moja moja. Nane zilitoa koni iliyo sawa. Nne zilinyunyiza kwa kuegemea upande mmoja, na mbili zilitoa mchirizi badala ya ukungu. Ncha za hizo mbili bado zina masizi yaliyoganda, nasi hatuelewi nozeli iliyosafishwa inabakije na masizi.

Mchirizi huo ndio unaotutia hofu. Mafuta yasipotawanyika huwaka kama ulimi mmoja wa moto, unaounguza vani (mapanga yasiyozunguka) na bledi (mapanga yanayozunguka) za turbini ya kompresa kutoka sehemu ile ile, safari baada ya safari. Rubani huenda asione kitu, maana geji ya joto humpa wastani wa vipimajoto vyote. Tena nozeli hufungwa kwa makundi mawili; mbovu ikiwa kwenye kundi la pili, injini itawaka vizuri tu asubuhi, kwa kuwa mafuta ya kuwashia hupita kwanza kundi la kwanza. Tatizo hugunduliwa kwa boreskopu, kifaa cha kuchungulia ndani ya injini, bledi zikiwa tayari zimeliwa na moto. Caravan ina injini moja, na hubeba watu.

Ufungashaji nao haukubaliki: nozeli zote ndani ya mfuko mmoja, bila vifuniko, ncha zikigongana. Gasketi na oringi mpya tulizolipia hazikuwemo.

Tunataka ndani ya siku saba za kazi mzichukue zote 14 kwa gharama yenu, mtuletee seti iliyokarabatiwa kikamilifu, yenye cheti kinachosema hivyo, pamoja na matokeo ya kipimo cha kila nozeli. Mkishindwa, rudisheni fedha zote.

Kwa sasa zimefungiwa stoo ya vipuri vilivyozuiwa, zikiwa na lebo nyekundu. Zikirudi kwenu, msimuuzie mtu mwingine kabla hazijakarabatiwa. Na kama kuna karakana nyingine iliyopewa nozeli za shehena hii, ipigieni simu leo.

Wenu,
Idara ya Injini na Ukaguzi