Risala yetu makeagiva, waangalizi wa wazee na wagonjwa, kwa mgeni rasmi, siku ya kufunga mwaka

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu, mama zetu, baba zetu, na majirani mliovutwa na harufu ya biriani, asalaam aleikum, bwana asifiwe, hamjambo nyote. Mimi ndio katibu, nimeambiwa nisome polepole manake mwaka jana nilisoma mbio mpaka mgeni akadhani nawahi feri, na kweli nilikuwa nawahi feri.

Mgeni rasmi, sisi twaangalia wazee na wagonjwa majumbani kwao hapa Mombasa, Nyali, Bamburi, Tudor, Kizingo huko, na wengi wetu twakaa Likoni, Kisauni na Mtongwe. Kikundi kilianza kwa kuchangiana harusi na matanga tu. Kilibadilika siku mwenzetu mmoja, simtaji, alipotoka zamu ya usiku wa nne mfululizo, akapanda feri aende kwake Likoni, feri ikafika, magari yakashuka, watu wakashuka, yeye kasimama tu kashika chuma, ikarudi naye kisiwani. Mara mbili! Alipotuhadithia tulicheka sana, halafu mmoja akasema hata mimi yashanipata, kisha mwengine, kicheko kikaisha.

Manake kazi yenyewe ndio hiyo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza yuageuzwa kama kila masaa mawili asifanye vidonda vya mgongo, sasa hebu pigeni hesabu huyo anayemgeuza alala saa ngapi. Weka na kuinua, kuogesha, kulisha, dawa kwa saa zake, na mzee mwenye maradhi ya kusahau akuuliza swali lile lile mara thelathini, wamjibu vizuri zote, ya thelathini na moja wamfokea, kisha wenda kulia chooni. Sisi ishara yetu twaijua: ukisikia mtu kaacha kumuita mzee wake kwa jina, sai ni "huyu", "huyu leo hajala", jua mwenzenu kaisha.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza kuishiwa huku, kwa Kiingereza "burnout", kuwa ni jambo la kazini, laletwa na stresi ya kazi iliyoachwa bila kushughulikiwa, wala halikuliita ugonjwa. Hapo ndipo tulipopapenda. Tumeambiwa sana tunywe maji, tuswali, tuvute pumzi, na twaswali, na maji twanywa, lakini kama kitu chatoka kazini basi dawa yake nyingi iko huko huko kazini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 imetupa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Msomee bosi sasa. Atakwambia "kwani mgonjwa yuaenda likizo?" Na si mtu mbaya, hana mtu mwengine tu.

Kwa hivyo tukaamua kila mtu atoe shilingi 200 kwa wiki, zamlipa mwenzetu anayeshika zamu ya mtu Jumapili. Imesaidia kiasi. Wazee wengine hawataki sura mpya kabisa, kuna mmoja alimrushia mwenzetu kikombe cha uji, kwa hivyo siku hizi wa kushika huenda kwanza mara mbili tatu akakaa tu azoeleke. Na kwenye grupu mtu akiandika "nimejaa" haulizwi kwa nini, apigiwa simu asikizwe, ushauri hapewi.

Mgeni rasmi, semina hatukuombi, tumehudhuria tatu na tisheti tunazo. Twaomba wewe unayejuana na wenye maofisi ya kuajiri uwaambie siku ya ofu iandikwe kwenye mkataba, kwa wino, na jina la wa kushika liwe pembeni yake. Pia mfuko wetu wa Jumapili ni mwembamba, hilo twalisema bila haya.

Hivyo viti vitatu vitupu hapo nyuma ni vya wenzetu, wako kazini, hawakupata wa kuwashikia. Sahani zao tumezifunika.

Wasalaam,
Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.