Kwa Nini Hatuwapeleki Wageni Kukwea Majabali ya Baharini Tenerife

Karibu kila mgeni anayefika Tenerife, kisiwa cha Hispania katika Visiwa vya Kanari, huvutiwa kwanza na majabali marefu yanayotumbukia baharini upande wa magharibi, hasa yale ya Los Gigantes, kisha hutuuliza sisi tunaowaongoza wageni kukwea miamba kwa kamba kwa nini ratiba yetu humpeleka kwenye korongo kavu la Arico. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika mwamba wenyewe na katika vyuma vilivyopachikwa humo.

Kisiwa hiki chote kimejengwa na volkano, lakini mawe ya volkano hayalingani. Lava ya basalti inapotiririka, mara nyingi juu na chini yake hubaki tabaka la vifusi vilivyovunjikavunjika, na mtiririko mwingine huja kulala juu ya hivyo hivyo vifusi. Jabali la namna hiyo ni sawa na ukuta wenye safu ya mawe magumu na safu ya kokoto zisizo na saruji: unaweza kushika jiwe gumu kabisa, nalo likang'oka zima kwa sababu halikushikwa na kitu. Mwamba wa Arico ulizaliwa kwa njia nyingine. Wingu la gesi, majivu na mawe mepesi yenye povu, ya aina ile tunayosugulia visigino bafuni, lilishuka kwa kasi likiwa na joto kali, na lilipotulia vyote viligandamana vikawa mwamba mmoja, ambao wanajiolojia huuita ignimbraiti. Una vishimo vingi vinavyopokea vidole, jambo linalomfaa sana anayeanza.

Tatizo la pili ni baya zaidi kwa kuwa halionekani. Boliti tunazofungia kamba aghalabu ni za chuma cha pua, chuma kinachosifiwa kwamba hakishiki kutu; lakini kikikaa miaka mingi karibu na bahari, kwenye joto na chumvi, huku kimebeba mvutano, kinaweza kupata nyufa ndogo ndani, kikaendelea kung'aa kwa nje, kisha kikakatika kwa uzito mdogo. Dawa yake inayojulikana ni boliti za titaniamu zilizogandishwa kwa gundi, ambazo ni ghali. Hata Arico, ambako bahari haiko mbali, hatumfungi mgeni kwenye boliti tusiyoikagua, na kamba yake hutundikwa juu kabla hajaanza kukwea.

Katika miezi ya joto sisi huhamia Las Cañadas, ndani ya hifadhi ya Teide, mlima mrefu kuliko yote kisiwani, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, ambako hewa ni ya baridi hata jua linapochoma. Wageni waliokwisha kufika kilele cha Kilimanjaro hudhani kwamba kisiwa chenye mlima wa mita 3,715 hakitawapa shida. Pumzi wanayo, hilo hatulikatai, ila kule walipanda kwa miguu; hapa kazi ni ya vidole na nyayo, na mtoto wa miaka kumi huweza kuwatangulia.

Anayetamani Los Gigantes tunamshauri akwee nasi Arico au Las Cañadas asubuhi, kisha alasiri apande mashua katika bandari iliyo chini ya majabali hayo. Kutokea majini, zile tabaka za lava na vifusi tulizozieleza huonekana vizuri zaidi kuliko mtu akiwa amening'inia juu yake.